Nilivyowaweka kwenye mizani moja watu wasiosalimiana

Aprili 2013 wilaya yetu ya Liwale, mkoani Lindi, iliwaka. Wakulima walikuwa wakisubiri malipo ya pili ya korosho, yakaja pungufu ya walivyoahidiwa, na nyumba za baadhi ya viongozi zikachomwa moto. Kijijini kwetu iliungua moja, ya mjomba wangu, mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha ushirika. Simtetei. Mimi mwenyewe nilikuwa nadai.

Mei ya mwaka uliofuata tajiri mmoja wa Lindi mjini alinipa fedha nimkusanyie ufuta. Nikatundika rula, ile mizani ya chuma yenye kulabu na jiwe la kusogeza, kwenye kibaraza cha duka langu. Siku ya kwanza nilipata madebe mawili, yote ya shangazi. Wengine walinipita na baiskeli zimelemewa magunia, wanakwenda kijiji cha pili, kilomita saba za mchanga, kwa mnunuzi aliyelipa chini yangu kwa shilingi mia. Nikaongeza hamsini. Wapi! Mzee mmoja, mtani wangu, ndiye aliyenipasulia: "Bei yako nzuri, ila mizani yako ina ujomba."

Nikaihamishia rula chini ya mwembe wa njia panda, mbali na kibaraza. Kila asubuhi, kabla ya kugusa ufuta wa mtu, nilitoa dukani mfuko wa sukari wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, nikautundika. Aliyewahi kufika ndiye aliyesogeza jiwe na kusoma kwa sauti. Siku ya tatu ikasoma 48. Watu waliangua kicheko, na kicheko chenyewe hakikuwa cha utani. Nikafunga biashara, nikapanda bodaboda hadi Liwale mjini kuazima rula nyingine. Kesho yake nikakuta foleni.

Mizani ilihitaji watu wawili. Wa kwanza nilimchukua binamu yangu, mtoto wa mjomba huyo huyo. Wa pili, kijana aliyekaa mahabusu kwa kesi ya ule moto kisha akaachiwa. Mke wa mjomba aliacha kuitikia salamu yangu, na sikumlaumu. Masharti yangu yalikuwa mafupi: mmoja asome, mwingine aandike, saa sita wabadilishane, na ujira uwe kwa gunia, wagawane sawa. Gunia likienda kwa mnunuzi mwingine, wamekosa wote wawili. Daftari lilikaa juu ya meza, kila mwenye macho alisome.

Wiki mbili walizungumza tarakimu tu. "Arobaini na mbili na nusu." "Arobaini na mbili na nusu." Basi.

Kisha gunia moja likapasuka likiwa limening'inia kwenye kulabu. Anayeujua ufuta anajua: haumwagiki kama mahindi, unatiririka kama maji, na ukishaingia mchangani umekwenda. Yule kijana alivua shati akalitandaza chini, binamu akakumbatia gunia kuziba tundu kwa kifua, huku akipiga kelele, "Salumu, vuta huku! Huku, bwana!" Lilikuwa jina la mwenzake, na tangu waanze kazi sikuwahi kumsikia akilitaja. Mwenye ufuta, bibi mmoja, alikuwa anacheka mpaka khanga ikamdondoka. Jioni nikawaona wanagombania shati lile nani alifue.

Nisidanganye watu: nyumba hakuna aliyeilipa, wala hakuna aliyekiri kwamba ndiye aliyewasha kiberiti. Msimu ulipoisha tulikuwa na tani kumi na moja, na tajiri akaniuliza mwakani nitahitaji fedha kiasi gani. Zaidi ya hapo sikuwa na uwezo nalo.

Wiki ya mwisho mjomba alileta magunia yake mawili. Alipanga foleni kama wengine, nyuma ya watu ambao mwaka mzima walikuwa wakibadili njia wakimwona. Zamu ya kusoma ilikuwa ya Salumu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akasogeza jiwe, akatulia, akasema hamsini na tatu. Mjomba alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akainama mpaka pua ikakaribia chuma. Akaangalia muda mrefu.

"Andika," akamwambia mwanawe.