Nilifika Tshivanga, gorila sikumwona

Shemeji yangu alikuja kutoka Lubumbashi kwa siku nne tu, na tangu simu ya kwanza hakuwa na neno lingine: gorila. Mimi nimezaliwa Kadutu, hapa Bukavu, nimekulia Kadutu, na umri huu wote sikuwa nimepanda Tshivanga, lango la parke ya taifa ya Kahuzi-Biega, hata mara moja, ingawa ni kama kilomita 30 tu kutoka Bukavu. Ndivyo tulivyo, parke tunawaachia wageni. Ilikuwa kiangazi, miaka michache kabla vita havijafika mjini.

Alitaka tukodi jipu. Nikamwambia pesa yote itabaki kwa mwenye jipu hapa mjini. Afadhali tubanane kwenye basi dogo hadi Miti, halafu wamotari wa pale pale watupandishe. Akakubali shingo upande, akaenda dukani akarudi na chupa 6 za maji zilizofungwa nailoni. Mke wangu akaziangalia, kisha akaniangalia mimi. Watu wa Bukavu tuna ugomvi wa siku nyingi na chupa hizo. Mvua ikinyesha zinateremka na mifereji hadi ziwa Kivu, maji yanazisogeza polepole mpaka pale Ruzizi inapoanzia, zinakwenda kuziba bwawa la umeme. Halafu sisi tuliozitupa tunakaa gizani na kulalamika. Mke wangu alinijazia kibidoni cha lita 3, akafunga viazi vitamu na mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa.

Pale Mudaka basi lilisimama. Akina mama walikuwa wanateremka kutoka milimani na magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, mgongoni, kamba imekaza paji la uso, shingo imenyooka kama ya mtu anayevuta mtumbwi. Shemeji akatoa simu dirishani. Nikamwambia aombe kwanza. Akaomba.

"Makala yangu unapiga picha tu, au utanunua?" mama mmoja akamjibu bila kusimama.

Simu ikarudi mfukoni.

Kutoka Miti pikipiki zilipita kati ya mashamba ya chai, baridi ikaanza kuingia kwenye mikono ya shati. Pua yangu ilikuwa inatiririka tangu usiku. Nilijiambia ni vumbi. Mtu akishalipia jambo, haumwi.

Pale Tshivanga kiongozi wetu, kijana mwenye buti zilizotobolewa na miiba, alitusimulia habari za parke haraka haraka, kama mtu anayesoma orodha ya majina: ilianzishwa mwaka 1970, jina lake ni la milima miwili, Kahuzi wenye mita 3,308 na Biega, mwaka 1980 ikaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO, na mwaka 1997 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Gorila wa hapa, wanaoitwa wa Grauer, hawaishi penye msitu wowote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Alipofika kwenye masharti ndipo akapunguza mwendo. Kundi lisizidi watu 8. Mbele ya gorila ni saa moja, basi. Barakoa usoni. Umbali uleule atakaowaonyesha, hata kama mnyama mwenyewe anakaribia. Kila kitu ulichopanda nacho unashuka nacho.

"Na nani ana mafua? Nani anakohoa?"

Shemeji alinifinya. "Sema ni vumbi," akaninong'oneza.

Nilipiga hesabu ya pesa niliyolipa, nikahisi joto kuliko la homa yenyewe. Lakini kijana alikuwa ananitazama mimi, si wengine. Akaeleza taratibu, bila ukali: kwa chembe za urithi gorila ni sisi kwa karibu asilimia 98, ila hajazoea magonjwa yetu. Chafya inayonipa mimi siku mbili za chai ya tangawizi, kwake inaweza kuwa nimonia, na familia nzima hulala pamoja. Barakoa inasaidia mtu mzima, haimgeuzi mgonjwa kuwa mzima.

"Nina mafua," nikasema.

Wakaondoka bila mimi. Panga la aliyetangulia nililisikia kwa muda, halafu mianzi ikafunga.

Nilitembea pale palipopangwa mafuvu ya gorila na ya tembo waliouawa na majangili. Fuvu la gorila dume lina ukingo katikati ya utosi, kama mgongo wa jembe. Nilitamani kuugusa, nikaacha. Kisha nikajongea moto, ambapo mzee mmoja, Mtwa, kabila la wenyeji wa msitu huu, alikuwa anakausha soksi zake. Aliwahi kuwa mfuata nyayo za gorila. Kabla ya hapo, akasema, alikuwa mtoto wa humo humo ndani, mpaka walipotolewa miaka ya 1970 bila kupewa shamba popote. Alisema hivyo kama anavyosema mtu habari za mvua ya jana. (Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba Batwa walionewa. Nilimkumbuka mzee yule.)

"Kwenu munapikia nini?" akaniuliza.

"Makala."

"Inatoka wapi?"

"Sokoni, Nyawera."

Akacheka mpaka akakohoa, akanisogezea kigogo nikae. Hakuongeza neno. Nilimpa viazi viwili na yai.

Alasiri shemeji akarudi, matope hadi magotini, mikono imevimba kwa upupu. Nilidhani angepiga kelele. Alikaa tu. Baadaye akasema dume la familia ile lilikaa likila mianzi kwa utulivu, halafu likainuka kuwajia, wakarudishwa nyuma hatua kwa hatua, na yeye akashika pumzi ndani ya barakoa bila kuambiwa. Picha zake tatu zote zimetikisika.

Akafungua mfuko. Chupa zote 6 zilikuwemo, tupu, zimekunjwa.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Mke wangu alikuwa kwenye mbabula, jiko la makala, anapepea. Akauliza gorila anafanana na nini, nikamwachia kaka yake ajibu. Yeye akasikiliza huku ananyoosha chupa moja moja, anazinusa. Kesho yake asubuhi nilizikuta dirishani, zimejaa mawese, za kuuza.