Fidla tatu, kazi moja
Jana usiku nilitazama tena video ya Midori, mpiga fidla mzaliwa wa Osaka, akiwa jukwaani Tanglewood, Marekani, Julai 1986. Alikuwa na miaka 14 tu! Okestra iliongozwa na Leonard Bernstein, ndiye pia aliyetunga kazi ya muziki waliyokuwa wakiipiga. Uzi wa fidla ya Midori ukakatika. Binti akapokea fidla ya kiongozi wa wapiga fidla, kubwa kuliko yake, akaendelea. Ukakatika tena. Akapokea ya tatu, akamaliza kazi yote kwa utulivu uleule. Machozi yalinitoka, nakwambia.

Ninachomheshimia zaidi ni kwamba mwaka 1992, huku akizunguka dunia kwa maonyesho, alianzisha shirika la kuwafundisha muziki watoto wa shule za New York. Mwenye mtoto anayejifunza fidla, mwonyeshe video hiyo.