Kumbukumbu ya mradi wa mkanda: lundo moja halitoshi

Jamani nimelipata tatizo. Kwa mgeni humu, natengeneza simulesheni (maigizo ya kompyuta) ya mawe ya dhahabu yakitoka karasha, ile mashine ya kuvunja mawe, yanavyoanguka toka mkanda mmoja wa kubebea mawe kwenda mwingine, maana kule Misungwi hapo pa kuangukia panaziba kila siku na vijana wanapanda na nondo kuzibua, hatari tupu. Natumia YADE, programu ya bure, inafuata jiwe mojamoja na kila mgongano, njia ya Cundall na Strack ya 1979.

Wiki iliyopita nlifurahi sana, nimejaza kilo 20 kwenye bomba lisilo na kitako, nikalinyanyua polepole, mteremko wa lundo ukakaa digrii 37, kwenye kompyuta nako 37. Msuguano wa kuteleza nliweka 0.5, wa kubingirika 0.3. Jana nikajaribu 0.7 na 0.15, lundo 37 tena!! Sasa nishike ipi?

Nikaenda kwa fundi Nyakato akanichomelea maboksi mawili, moja juu ya lingine, la juu lina kilango chini. Unafungua ghafla, mawe yanashuka, unapima yaliyogoma kushuka. Yangu yalibaki kilo 6.8, nimerudia mara tano. Kwenye kompyuta, namba za kwanza zikabakiza kilo 5.1, za pili 6.7. Basi ni za pili.

Msuguano wa mawe na chuma nao nimeupima, nimegundisha mawe matatu kwa gundi yasibingirike, nikayaweka juu ya bati nikaliinua taratibu, yakateleza kwenye digrii 27. Tan ya 27 ni 0.51, ndo naingiza hiyo. Na kompyuta yangu nzito, kwahiyo ugumu wa jiwe nimeushusha mara 100, hatua ya muda, yaani kile kipande cha muda kompyuta inachoruka kati ya hesabu moja na nyingine, inakua mara 10, ila lazima uangalie mawe yasizamiane.

Mzee wa karasha nilipomwonyesha video akaniambia, "Kijana wangu, makavu hayajawahi kunisumbua, niletee ya masika." Kweli kabisa. Na kinachonata ni ule unga wa mawe, ambao mimi nlikuwa nimeuchekecha wote nikautupa ili chembe zipungue! Leo nimeurudisha, nikamwagia lita moja ya maji kwa kilo 20, nikafungua kilango: halikushuka hata jiwe moja mpaka nilipogonga boksi na nyundo. Unga wote siwezi kuuingiza, ni mamilioni ya chembe, kwahiyo mawe makubwa nitayapa unato wa kubuni, naongeza kidogokidogo mpaka nayo yagome kushuka vilevile.