Ufa wa Kiazi

Jumamosi moja ya Julai, baridi ya Melbourne ikiwa imenipenya mpaka kwenye mifupa, niliingia kwenye jumba la sanaa pale Federation Square kutafuta joto tu. Nilipanda ngazi, nikapinda kona, na mbele yangu ukasimama ukuta mzima mweusi uliotambaliwa na mistari myeupe.

Ilikuwa kanvasi ya karibu mita 3 kwenda juu na mita 8 kwa upana. Mistari ilipinda, ikakatana, ikaachana, ikarudiana, wala sikuona ilipoanzia. Wazee wawili karibu yangu walinong'onezana kwamba ni sanaa dhahania, ile isiyochora kitu halisi, ya hali ya juu. Mimi nilikuwa nimeshaona tuta.

Nimekulia Sengerema, kwenye viazi vitamu. Mama aliponituma shambani kabla ya mavuno hakuniruhusu kung'oa shina. "Tazama ufa," alikuwa akisema. Kiazi kikinenepa, udongo wa juu hupasuka. Unaingiza kijiti polepole pale penye ufa, unapapasa kwa vidole, unatoa kimoja kilichokomaa, unafukia, na wadogo zake wanaendelea kukua. Juu udongo unaunguza, chini ni wa baridi. Hata leo vidole vyangu vinaukumbuka.

Nikasogea kusoma kibao. Mchoraji ni Emily Kame Kngwarreye, bibi wa Kianmatyerr, jamii ya wenyeji wa asili, kutoka Alhalkere, upande wa Utopia, kwenye nchi kame ya katikati ya Australia. Mchoro ni wa 1995, mwaka mmoja kabla hajafariki. Na alichokichora ni kiazi kweli: anwerlarr, kiazi chembamba cha porini.

Nilisimama pale machozi yakinilengalenga. Umbali wote ule kutoka nyumbani, na kuna mtu aliyeona ufa wa kiazi ni jambo la kujaza ukuta!

Wiki zilizofuata nilisoma kila nilichokipata kumhusu. Kiazi kile ni jamaa wa kunde zetu, na wanawake wa huko hukichimba kwa fimbo wakifuata nyufa za ardhi. Kame, jina lake mwenyewe, ni mbegu za mmea huohuo. Aliitandika kanvasi ile chini, akakaa juu yake, akaimaliza kwa siku mbili, naye ana miaka zaidi ya 80. Mizizi, nyufa, na mistari ambayo wanawake hujipaka vifuani na mabegani katika sherehe zao za awelye, wakiimba habari za mababu na nchi yao, kwake vyote vilikuwa kitu kimoja. Ndiyo maana naona si haki kuiita kazi ile dhahania. Pale pana chakula, pana wimbo, pana nchi ya watu.

Tena nikagundua kwamba kabla ya kuanza rangi za akriliki mwishoni mwa 1988, alikuwa akitengeneza batiki tangu 1977. Hilo lilinigusa kipekee, maana shangazi yangu amesomesha watoto kwa batiki, na nimemshikia kitambaa mara nyingi. Nta ya moto haikubali mkono unaositasita, ikishadondoka imedondoka. Nadhani mkono ule wa 1995 ulifundwa na nta.

Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilipiga picha, na usiku nikamtumia mama kwa WhatsApp, nikamwandikia tu kwamba ni shamba la viazi la bibi mmoja wa huku. Alinipigia papo hapo.

"Nimeziona nyufa," akasema. "Sasa viazi hivyo wanavilaje?"

Nilikuwa nimemuuliza mhudumu wa jumba swali hilohilo. "Vibichi, mama, au wanavifukia kwenye majivu ya moto."

"Vya majivuni vitakuwa vitamu," akasema, kisha akaniuliza kama nimeshakula.