Usiku bibi alipotega sikio kwenye gunia

Mwezi wa kumi mwaka 1987 nilianza kuona unga chini ya kihenge cha bibi. Nilikuwa na miaka 11, nikiishi naye kijijini upande wa Magu, kando ya Ghuba ya Speke. Kila asubuhi kuku walikuwa wameshafika pale wakiparua, na juu ya mawe yaliyobeba kihenge kulikuwa na vumbi jeupe. Bibi alidhani ni mchwa. Akamwaga majivu, akafagia. Kesho yake vumbi likarudi.

Kihenge kile alikijenga babu kabla sijazaliwa. Fito zilisukwa kama tenga kubwa, zikakandikwa udongo na mavi ya ng'ombe, na juu kikavikwa paa la nyasi ambalo watu wawili huliinua kama kofia. Mwezi wa sita tulikuwa tumekijaza mahindi bila kuyapukuchua, na maganda yake, kama bibi alivyofundishwa na mama yake. Ganda linalofunika vizuri humsumbua fukufuku, yule mdudu anayetoboa punje, na majivu humsumbua zaidi. Miaka yote hiyo ilitosha.

Siku ya kufungua nilitumwa mimi, kwa kuwa mwili wangu ulipita kirahisi.

"Ingia, mume wangu," bibi akaniambia. "Yatoe ya juu kwanza."

Nilipokanyaga, mguu ulizama. Nikaokota hindi moja. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba nilidhani nimeshika ganda tupu. Nikaliminya, likavunjika mkononi na unga ukamwagika hadi kwenye kiwiko. Kisha nikasikia. Nyumbani tulikuwa tumezoea sauti za mbu na za ziwa, lakini hii ilitoka chini ya miguu yangu, kila upande, kama mtu anayetafuna mchanga taratibu. Nikaita, "Bibi, yanalia!"

Alichukua unga ule kidogo, akauweka ulimini, akatema. Hakusema kitu. Jirani mmoja aliyekuja kutazama akasema ni chuma ulete, kuna mtu anayavuta mahindi yetu kwenda kwake. Mwingine akanong'ona kwamba uzee umemfanya bibi mzembe. Maneno hayo ya pili yaliniuma, na yananiuma hadi leo. Bibi hakuwa mzembe. Alianika mahindi yake hadi yakalia kama kokoto, alifagia kihenge kabla ya kuingiza mapya, na hakuruhusu hata panya achungulie. Ni adui ndiye aliyebadilika.

Bwana shamba alikuja kwa baiskeli siku ya tatu. Akapiga hindi moja kwenye kiganja chake, wakadondoka wadudu, akaniita niwaangalie. Fukufuku nilimjua, ana kipua kirefu. Huyu alikuwa kama kipande cha kijiti cheusi-kahawia, hata milimita 5 hafiki, mgongo umekatika nyuma kama umekatwa kwa kisu, na kichwa kimejificha chini ya kifua hata ukimtazama kwa juu hukioni.

"Huyu ni dumuzi, mama," alimwambia bibi. "Watu wa Tabora wanamwita Scania. Katokea Amerika ya Kati, na kwetu hapa ni mgeni."

Kisha akasema jambo lililomshangaza bibi kuliko yote: kuyaacha mahindi kwenye magunzi ndiko kunakompa dumuzi nafasi. Punje zikiwa zimeshikana imara, yeye hupata pa kujikita na kutoboa. Zikipukuchuliwa huteleza, na dawa ya unga humfikia kila mahali. Majivu ya jikoni hayamtoshi.

Tukapukuchua siku mbili, wanawake wa jirani wakisaidia, mpaka vidole gumba vikachubuka. Tukapepeta kwa ungo, tukaanika tena. Mahindi ambayo yangejaza magunia 8 yakajaza 5, na la tano halikufika shingoni. Bwana shamba akapima dawa, gramu 100 kwa kila gunia, akaichanganya kwa koleo juu ya turubai, akigeuza na kugeuza huku amejifunga kitambaa puani.

Siku hizi mahindi yangu nayaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Kila nailoni naikamua hewa na kuifunga peke yake. Wadudu humaliza hewa iliyobaki na kufa, bila dawa yoyote. Lakini kwanza natia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, natikisa, naacha kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, narudi kuanika. Mahindi mabichi ukiyafungia humo yataota ukungu, na ukungu ndio mama wa sumukuvu. Bibi yangu angeielewa chupa ile mara moja. Yeye alipima kwa jino.

Mwaka ule, lililobaki lilikuwa kihenge. Bwana shamba alituonyesha fito: zilikuwa na matundu madogo ya mviringo, unga wa mti ukitoka. Dumuzi hutoboa hata mti mkavu na kukaa humo akingoja mavuno mengine. Kwa hiyo kichomwe, pamoja na magunzi.

Bibi aliomba asubiriwe. Akaingia ndani, akatoka na khanga mpya begani, akakizunguka kihenge akikipapasa kwa kiganja pale alama za vidole vya babu zilipokuwa zimekauka kwenye udongo. Kisha akachukua kijinga cha moto jikoni mwenyewe. Nyasi zilishika haraka. Fito zilichukua hadi jioni.

Usiku ule magunia yalilala chumbani kwetu, juu ya magogo, mbali na ukuta. Nilikuwa macho bibi alipoamka. Hakuwasha kibatari. Alipapasa hadi kwenye gunia la kwanza, akapiga magoti, akaweka sikio. Akakaa hivyo kitambo. Akaenda la pili, la tatu, hadi la tano. Ndipo akarudi kitandani, akavuta shuka.

"Kimya," akasema.