Umepanda Kenya Cup? Tafuta Namba 3 Kwanza

Klabu ya raga ikipanda kutoka Championship, daraja la pili, hadi Kenya Cup, ligi kuu ya Kenya, habari za kwanza kwenye magrupu ya WhatsApp huwa za mawinga. Fulani aliwahi kuitwa kambi ya Shujaa, timu ya taifa ya wachezaji saba, fulani anakimbia kama swara, mwingine amekosana na kocha wake na yuko tayari kuhama. Wiki mbili baadaye picha zinapakiwa, jezi mkononi, mashabiki wanashangilia. Kisha ligi inaanza. Jumamosi ya kwanza timu inarudishwa nyuma katika kila skramu, pale mafowadi 8 wa kila upande wanapofungana na kusukumana, na yule winga anamaliza dakika 80 akiwa amegusa mpira mara mbili, zote akikimbilia mkwaju uliopigwa nyuma ya mgongo wake.

Mawinga si shida. Wako wengi nchini, na kila muhula wa pili shule za sekondari zinatoa wengine kwenye raga ya wachezaji saba. Shida ni namba 3.

Safu ya mbele ya skramu ina watu watatu; namba 1 na namba 3 huitwa mapropu. Namba 1 anabanwa bega moja tu, la kulia; la kushoto liko huru. Namba 2, yaani huka, yuko katikati. Namba 3 anaingiza kichwa kati ya namba 1 na namba 2 wa wapinzani, kwa hiyo mabega yote mawili yamebanwa na uzito wa watu wawili unamjia yeye. Kazi hizi hazifanani hata kidogo. Ukimhamisha propu aliyezoea namba 1 kwa sababu tu ana kilo 115, utaona mambo kwa mpangilio huu: kiuno kinateleza kwenda nje, mgongo unapinda, halafu kiwiko cha mkono wa kulia, ambacho kilipaswa kubaki juu huku mkono umeshika jezi ya mpinzani mgongoni au ubavuni, kinaelekea chini. Refa anatazama kiwiko hicho hicho. Skramu ikianguka, penalti ni yenu kulipa. Mpira unapigwa nje karibu na mita 5 zenu, unarushwa, mafowadi wao wanaufungia katikati na kusukuma, trai, na mkwaju wake unaingia. Pointi 7, na hakuna aliyepigwa chenga. Mkirudia mara mbili tatu, refa anatoa kadi ya manjano na mnacheza dakika 10 mkiwa pungufu.

Kuna na sheria ya karatasi, ambayo makatibu wengi wa klabu ndogo huisoma siku ya mechi. Ukiorodhesha wachezaji 23, lazima 6 kati yao wawe wamefundishwa kucheza safu ya mbele. Ukiorodhesha 19 hadi 22, wawe 5. Ukiorodhesha 16 hadi 18, wawe 4. Kwa hiyo klabu yenye watu 4 wa kweli wa safu ya mbele haiwezi kihalali kuwa na benchi la zaidi ya watu 3, hata kama ina mabeki 20 waliovaa jezi wakisubiri. Wengine wanajaribu ujanja: wanamwandika namba 7 kuwa propu, wakitumaini hataitwa. Huo ni mchezo wa kuvunja shingo, na sisemi kwa mafumbo. Tena haulipi. Propu akiumia na anayebaki hawezi kusimama pale, refa anaamuru skramu za kutosukumana, na timu iliyoorodhesha 23 haimbadilishi yule aliyetoka. Mnabaki 14. Hata skramu za kutosukumana lazima ziwe na watu 8 kila upande, kwa hiyo anayetolewa ni beki. Mara nyingi ni yule winga wa kwenye picha.

Kwa nini basi klabu zinarudia kosa lile lile? Kalenda inachangia sana. Ligi ya wachezaji 15 inaisha kabla ya katikati ya mwaka, na klabu iliyopanda ina miezi kadhaa kabla ya kuanza tena mwishoni mwa mwaka. Ni muda wa kutosha. Lakini hapo katikati ndipo unapokaa mzunguko wa kitaifa wa saba kila upande: Driftwood kule Mombasa, Prinsloo Nakuru, Dala Kisumu, Christie Nairobi, pamoja na Kabeberi. Kamati nzima inahamia huko. Pesa za basi na hoteli zinakwenda huko, kocha anakwenda huko, na wachezaji anaowaona na kuwapenda ni wa mchezo ambao skramu yake ina watu 3 na inaisha kwa sekunde chache. Propu wa kilo 120 miezi hiyo yuko nyumbani anaongeza nyingine 8, hakuna aliyempigia simu. Mzunguko ukiisha ndipo watu wanakumbuka skramu, na mapropu wazuri wameshaahidiana na wengine. Mbio za sakafuni hizo.

Ushauri wangu ni kugawa kamati. Meneja mmoja asiende kwenye mashindano ya saba kabisa. Kazi yake tangu wiki ya kwanza baada ya kupanda iwe simu na daftari.

Daftari lenyewe liwe na nafasi ngapi? Kwa msimu mzima, wachezaji 38 ni hesabu inayotosha bila kufuja: namba 3 watatu, namba 1 watatu, mahuka watatu, warefu wa namba 4 na 5 watano, safu ya nyuma ya skramu saba, namba 9 watatu, namba 10 watatu, wa katikati watano, na mawinga pamoja na namba 15 sita. Inaonekana kubwa hadi ukumbuke majeraha. Mtikisiko wa ubongo pekee, kwa klabu isiyo na daktari wa kumfuatilia mchezaji kwa karibu, unamweka nje siku 21 kwa mwongozo wa World Rugby, shirikisho la raga la dunia. Kama mnacheza kila wikendi, hizo ni Jumamosi mbili au tatu zimekwenda kwa kugongwa mara moja. Na kama una timu ya pili kwenye Eric Shirley Shield, wale wa akiba ndio hao hao watakaoijaza.

Wa kwanza kuandikwa kwenye daftari wawe walioipandisha klabu. Hili linaonekana wazi, lakini linasahaulika. Tazama Uingereza. London Welsh walishinda Championship ya huko mwaka 2012, wakakataliwa kupanda kwa sababu ya masharti ya uwanja, wakakata rufaa na kushinda Juni 29. Ligi Kuu ilikuwa inaanza mwanzoni mwa Septemba. Wakajenga kikosi kwa miezi miwili, wakamaliza mkiani. Wakapanda tena 2014 kwa kuwafunga Bristol, wakajaza majina mapya akiwemo Piri Weepu, bingwa wa dunia wa 2011 na New Zealand. Wakapoteza mechi zote 22 na kuambulia pointi 1. Exeter nao walipanda 2010 kwa kuwafunga Bristol hao hao. Kocha Rob Baxter akaingia ligi kuu na wengi wa wale wale waliompandisha, akaongeza wachache tu palipovuja. Wakamaliza nafasi ya 8. Gareth Steenson, aliyepiga mikwaju iliyowapandisha, ndiye aliyepiga penalti ya ubingwa kwenye fainali ya 2017.

Sababu si siri. Skramu na mpira wa kurushwa ni mambo ya mazoea. Watu 8 waliosukumana pamoja misimu miwili wanajua bila kuambiwa nani anachelewa kuinama. Ukibadilisha 5 kati yao kwa mpigo, unaanza kuhesabu upya.

Sasa, namba 3 anapatikana wapi? Shuleni hapana, si kwa msimu huu. Sheria za chini ya miaka 19 haziruhusu skramu kusukumwa zaidi ya mita 1.5, kwa hiyo kijana aliyetamba kwenye raga ya muhula wa kwanza hajawahi kuonja msukumo wa watu wazima unaoendelea. Msajili, mlishe, mfundishe, lakini mhesabu kuwa wa msimu wa tatu. Vyuoni utakuta wenye umri mzuri zaidi, ila Strathmore Leos na Blak Blad wana vyuo vyao nyuma, na mwanafunzi aliyelipiwa karo humng'oi kwa posho ya mechi.

Klabu zilizoshuka ni mahali pazuri pa kuanzia, na simu ipigwe wiki ile ile wanaposhuka, maana wanaotaka kubaki daraja la juu wanatafuta pa kwenda. Lakini chimbo lenyewe, kwa maoni yangu, ni propu wa tatu au wa nne wa klabu kubwa. KCB wana benki nyuma yao, Kabras wana kiwanda cha sukari. Namba 3 wao wa kwanza ana kazi au mkataba, usipoteze dakika zako. Yule anayecheza Eric Shirley tu, miaka 25 au 26, anafundishwa skramu na watu wanaojua, na hapati dakika za Kenya Cup. Huyo unaweza kumpa kitu ambacho klabu kubwa haiwezi kumpa: jezi kila Jumamosi.

Kamtazame, usisikilize sifa. Usihesabu mbio zake uwanjani. Hesabu skramu 5 mfululizo baada ya dakika ya 60. Mgongo unabaki bapa? Miguu inarudi nyuma kidogo kidogo au inateleza yote mara moja? Skramu ikianguka, nani anaanguka kwanza? Anainuka kwa mikono miwili au anashika shingo? Muulize kuhusu shingo na bega kabla ya kumuuliza kuhusu pesa.

Uganda pia ipo. Waganda kucheza Kenya si jambo geni. Philip Wokorach alivaa jezi ya Kabras. Ila mchezaji anayevuka mpaka anahitaji kibali cha chama cha nchi anayotoka, kwa kanuni ya 4 ya World Rugby, na kibali hakitoki kwa siku moja. Anza mapema, na asikanyage uwanja kwenye mechi hadi karatasi iwe mkononi. Wa ndani naye aje na barua ya kuachiliwa na klabu yake. Katika ule msimu wao wa kwanza, London Welsh walimchezesha namba 9 Tyson Keats akiwa hajasajiliwa ipasavyo, kwa nyaraka alizoghushi meneja wa timu. Walikatwa pointi 5 na kutozwa faini ya pauni 15,000. Timu inayopigania kubaki haina pointi 5 za kugawa.

Pesa ndipo ahadi zinapooza. Klabu inamwambia kijana atatafutiwa kazi, mwezi wa pili kazi haijaonekana, mwezi wa tatu anaonekana Alhamisi tu, wa nne amezima simu. Afadhali umwahidi kidogo unachoweza kulipa kila wiki. Kitu cha kwanza kulipa ni nauli ya mazoezi, kabla ya posho ya ushindi na kabla ya jezi mpya. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 200, mazoezi mara 3 kwa wiki, wachezaji 35, wiki 24. Hizo ni shilingi 504,000. Klabu nyingi haziandiki mstari huu kwenye bajeti, kisha zinashangaa kwa nini mafowadi hawatimii Jumanne na skramu haiwezi kufanyiwa mazoezi kwa watu 5. Safari za ugenini ziwe mstari wake peke yake: Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160, hadi Kakamega ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na klabu ya Pwani inaanza na karibu kilomita 480 kabla hata ya kufika Nairobi. Propu aliyekunjamana kwenye kiti cha basi usiku kucha hasukumi mtu asubuhi. Kama pesa ni za kulala mara chache tu msimu mzima, zitumie kwenye mechi dhidi ya timu mnazoshindana nazo mkiani, si dhidi ya mabingwa. Huko mkiani ndiko pointi ya kupoteza kwa tofauti ya 7 au chini inakogeuka kuwa pointi ya kubaki.

Pesa ikibaki, usinunue winga. Mpeleke fundi wa kuchomelea mchoro wa mashine ya skramu, mweke kocha wa skramu hata kama ni propu mstaafu anayekuja Jumanne tu, na mlipe nauli yake pia.

Alhamisi jioni, kabla kocha hajataja kikosi, meneja aketi na karatasi na aanze kuandika kutoka chini ya safu ya mbele: 18 kwanza, yaani namba 3 wa akiba, halafu 17, halafu 16, ndipo 3, 2 na 1. Ikiwa 18 hana jina la mtu aliyewahi kusukuma skramu upande huo, asibuni. Aorodheshe 22, aende na watano, na benchi liwe na mtu mmoja pungufu.