Jinsi tulivyodai fidia ya asbesto ya baba mkwe wangu

Mnamo Februari 2022 daktari wa mapafu alimweleza baba mkwe wangu kwamba maji yaliyokuwa yakijaa kifuani mwake yalitokana na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu, kisha akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi melini. Baba alikuwa fundi wa boila katika Jeshi la Majini la Marekani kuanzia 1963 hadi 1967. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Virginia, na kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, familia ilinikabidhi makaratasi yote bila mjadala.

Nilipompigia mama yangu simu kumweleza, aliuliza, "Mwanangu, mtu aliyeacha kazi kabla wewe hujazaliwa, leo atamdai nani?" Swali hilo ndilo lililonichukua wiki mbili za kusoma. Ugonjwa huu hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta nyuzi za asbesto, madini yaliyotumika kukinga joto melini, kwa hiyo umri wa dai si kikwazo chenyewe. Kikwazo ni kujua nani anadaiwa. Serikali haiwezi kushtakiwa na mwanajeshi kwa madhara aliyoyapata akiwa kazini; Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1950 katika kesi ya Feres. Badala ya kesi, mwanajeshi hupeleka dai la fidia ya ulemavu kwa Idara ya Wanajeshi Wastaafu, ambayo kila mtu huiita VA. Kampuni zilizotengeneza vifaa vyenye asbesto ndizo zinazoweza kushtakiwa, na zile zilizofilisika zimeacha mifuko ya amana ya kuwalipa waathirika. Nililifurahia sana jambo moja: fidia ya ulemavu haipunguzwi kwa sababu umelipwa na kampuni au mfuko. Pensheni ya VA inayotolewa kwa wenye kipato kidogo ndiyo inayotazama mapato mengine, na watu wengi huzichanganya hizo mbili.

VA ilihitaji vitu vitatu: uthibitisho wa ugonjwa, uthibitisho kwamba aliguswa na asbesto akiwa jeshini, na maoni ya daktari yanayounganisha hayo mawili. Cha kwanza tulikuwa nacho kutokana na kipimo cha nyama iliyokatwa kifuani. Cha pili ndicho kilichotutoa jasho. Tuliomba kumbukumbu zake kutoka hifadhi ya St. Louis, ambako moto wa Julai 1973 uliteketeza mamilioni ya majalada ya jeshi la nchi kavu na la anga. Bahati nzuri ya majini hayakuguswa. Hati yake ya kuachishwa jeshini ilitaja kazi ya boila, na VA huiweka kazi hiyo kwenye kundi lenye uwezekano mkubwa wa kuguswa na asbesto. Hata hivyo nilitaka maelezo yake mwenyewe, kwa hiyo kwa jioni tano nilikaa naye na kinasa sauti. Alinisimulia jinsi walivyokwangua gasketi kuukuu, yaani vizibo vya asbesto vya maungio ya mabomba, kwa kisu kipana na brashi ya waya, huku nyuso zao zikiwa karibu kabisa na kazi, na jinsi mizinga ilipofyatuliwa vumbi lilivyodondoka kutoka kwenye mabomba yaliyopita juu ya vitanda vyao. "Tuliamka tukakung'uta blanketi, tukaenda kunywa kahawa," alisema, akicheka hadi kikohozi kikamkatiza. Kwa msaada wa chama cha mabaharia wa meli ile tulimpata mwenzake mmoja huko Ohio, naye akaandika na kutia saini maelezo yanayothibitisha kila neno.

Barua ya kwanza ya daktari ilisema kwamba ugonjwa "unaweza kuwa" umetokana na utumishi wake. Msomaji wa kawaida angeridhika nayo, lakini kwa VA neno hilo ni jepesi mno, kwani kipimo chao ni uwezekano usiopungua nusu kwa nusu. Nilirudi na ombi la adabu, nikamwonyesha sentensi inayotakiwa, na daktari aliyekubaliana nayo kitaalamu akaiandika upya. Baba pia aliogopa kwamba sigara alizovuta kwa miaka 30 zingemnyima haki yake. Sigara huleta utata mkubwa katika dai la saratani ya mapafu yenyewe, lakini haisababishi mesothelioma, na barua ya pili ilieleza hivyo waziwazi.

Mwezi Machi, kabla ya kukusanya chochote, mwakilishi wa chama cha wanajeshi wastaafu, ambaye hutoa msaada bila malipo, alitushauri tuwasilishe tamko la nia ya kudai. Karatasi hiyo fupi hushikilia tarehe yako kwa mwaka mzima, na malipo yakikubaliwa huhesabiwa kuanzia hapo. Kosa langu lilikuwa kutojua kwamba mgonjwa aliye mahututi anaweza kuomba dai lake litangulizwe kwa fomu yake maalumu. Nilipoipata miezi mitatu baadaye, nilijilaumu sana, maana mwendo wa jalada ulibadilika mara moja. Oktoba alipewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 100, ambacho ndicho hutolewa kwa saratani hai ya mfumo wa kupumua: zaidi ya dola 3,500 kwa mwezi wakati huo kwa mwenye mke, bila kodi, pamoja na malimbikizo.

Kwa upande wa kampuni tulihitaji wakili, na hapo ninashauri tahadhari, kwa sababu matangazo ni mengi na sehemu ya wakili katika malipo si ndogo. Virginia inatoa miaka miwili tangu mgonjwa aambiwe ugonjwa wake. Wakili alituambia kwamba uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2019, uliohusu mabaharia waliougua saratani, umewabana hata watengenezaji wa pampu na turbini zilizouzwa bila asbesto, pale kifaa chenyewe kilipohitaji kufungwa asbesto ili kifanye kazi na wao walijua au walipaswa kuijua hatari hiyo. Baba alitoa ushahidi wake mbele ya kamera sebuleni, kwa saa tatu, akiwa na mtungi wa oksijeni. Mifuko mingi ya amana haitoi kile inachokadiria: ule wa Manville, uliotokana na kampuni iliyoomba kinga ya ufilisi mwaka 1982, ulikadiria mesothelioma kuwa dola 350,000 ila ukawa unalipa takriban asilimia 5 tu ya hizo. Ndiyo maana wakili hupeleka madai kwenye mifuko kadhaa kwa pamoja.

Baba alifariki mwaka 2023. Cheti cha kifo kilitaja kushindwa kupumua peke yake, na karani wa kawaida asingeona tatizo lolote hapo. Mjane, hata hivyo, hulipwa fidia yake ya kila mwezi ikiwa kifo kilisababishwa na ugonjwa wa utumishi, kwa hiyo tulimwomba daktari asahihishe cheti ili mesothelioma itajwe kama chanzo. Ilichukua wiki saba. Tuliwasilisha dai la mama mkwe kabla ya mwaka mmoja kwisha tangu kifo, na kwa hiyo alilipwa tangu mwezi wa kifo, dola 1,562.74 kwa mwezi kwa kiwango cha mwaka ule.

Yule baharia wa Ohio alinipigia simu baada ya mazishi. Picha ya kifua chake ilionyesha makovu kwenye utando wa mapafu, lakini alipumua vizuri, akaona aibu kudai. Nilimweleza kwamba pengine atapewa asilimia sifuri bila senti moja, ila VA ikishakubali kwamba makovu yametokana na utumishi wake, hatahitaji kulithibitisha hilo upya hali ikibadilika. Nilimtumia fomu ya tamko la nia jioni ileile.